Kutoa Sauti kwenye Video, Shangazi Akiwemo

Kutoa sauti kwenye video ni kuacha picha na kubaki na kinachosikika, kisha kukibana kiwe faili dogo la kuingia kwenye flashi. Chidya, wilayani Masasi, kazi hiyo ina msimu wake. Korosho zikishauzwa na watoto wakishatoka jandoni, kila ukoo una video ya ngoma kwenye simu ya mpwa fulani, na kila mwenye sabufa anaitaka ngoma hiyo. Tatizo ni nafasi: dakika moja ya video safi ya simu inaweza kupita megabaiti 100, ilhali dakika hiyohiyo ikiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki hata megabaiti moja.

Faili la video ni kapu lenye vitu viwili, picha na sauti, kila kimoja kimefungwa kivyake. Programu ya kukonveti, kwa mfano FFmpeg, hufungua kapu, huacha picha, huifungua sauti (mara nyingi huwa ya aina ya AAC) na kuifunga upya kuwa MP3. Kosa la kwanza hufanywa na mjuaji. Yeye hubadilisha jina tu: anafuta “mp4” mwishoni mwa faili, anaandika “mp3”, anadai hela yake. Kompyuta huchungulia ndani na kulicheza hivyohivyo. Sabufa haina subira hiyo. Inawasha taa, inanyamaza, inarukia faili linalofuata.

“Mjomba, flashi yako ina virusi,” anasema mjuaji.

Haina.

Kosa la pili ni kubana kupita kiasi. MP3 ilizaliwa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer, na jina hilo la faili lilichaguliwa mwaka 1995. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa walioiunda, aliipima kwa kusikiliza tena na tena “Tom's Diner” wa Suzanne Vega, wimbo wa sauti tupu bila ala. Ujanja wa MP3 ni kutupa kile ambacho sikio lisingekisikia, kama mlio mdogo uliofunikwa na mkubwa. Kwa kilobiti 128 wengi hawalalamiki. Kwa 32, ngoma ya Kimakonde inapata taabu ambayo mwanamke mmoja anayeimba peke yake haipati. Sauti hubanwa kipande kwa kipande, na pigo kali likiangukia katikati ya kipande, dosari husambaa hadi sehemu iliyolitangulia. Basi ngoma inavuma kabla fimbo haijaigusa. Vigelegele navyo vinageuka mafuta yanayokaanga dagaa. Aliyeharibu hujaribu kutibu kwa kukonveti tena kwa 320: faili linanenepa, dagaa wanabaki palepale. Kilichotupwa kimetupwa.

Balaa lenyewe, hata hivyo, halitoki kwenye programu. Programu haijui nani mwimbaji na nani mgeni. Inachukua kila kilichoingia kwenye maiki ya simu. Katika video macho yapo kwa wachezaji, na hakuna anayemjali shangazi aliyesimama karibu na mpiga picha. Picha ikiondoka, shangazi ndiye anakuwa mwimbaji mkuu. Sindimba imekolea, viuno vinazunguka, na juu ya ngoma zote inasikika sauti safi kabisa: “Lile beseni la wali kapewa nani? Wale si wa kwetu!” Baada ya wiki mbili swali hilo linaulizwa na redio za bodaboda mpaka Newala, na wenye beseni wameshalisikia.

Dawa ni kukata. Sherehe ya saa tatu ikikonvetiwa nzima kwa kilobiti 128 ni faili moja la megabaiti 173 hivi, na hakuna atakayelisikiliza lote kabla ya kuligawa. Ni afadhali kuandika dakika ambapo kila wimbo unaanza na kuisha, kisha kutoa vipande hivyo tu. Video yenyewe isifutwe mpaka kila kipande kimesikilizwa mwanzo hadi mwisho, tena shangazi akiwa hayupo.