Muulize Somo: Mrama, Holela na Waliopagawa

Shikamoo Somo. Mume wangu aliniandikia ujumbe: "Ndoa yetu inakwenda mrama." Nami sikukubali kushindwa maneno, nikamjibu: "Yako ilishakwenda arijojo." Akafunga begi, sasa yuko kwa dada yake. Nimekosa nini?
Mwenye Hasira, Tanga

Marahaba mwanangu. Umekosa kamusi. Mrama ni neno la mabaharia: jahazi likipigwa na mawimbi ya ubavuni hulalia huku, likalalia kule, abiria wakatapika. Lakini nahodha bado yumo na usukani kaushika. Mwenzio alikuwa anaomba umsaidie. Arijojo ni habari nyingine kabisa. Hivyo ndivyo iendavyo tiara iliyokatika uzi: upepo unaipitisha juu ya minazi, na mtoto aliyekuwa akiirusha kabaki na kijiti mkononi. Yaani ulimwambia umeshamwachia. Angefanya nini kama si kufunga begi? Mwandikie leo hii: "Uzi ninao." Basi, usiongeze neno. Najua "segemnege" linakuwasha mdomoni, limeze. Wifi yako naye kachoka kumpikia.

Somo, nyumba yangu imenyooka, ina plasta na rangi mbili. Bado wameichora X nyekundu, wanasema ni ujenzi holela. Si matusi hayo?
Fundi, Mbagala

Baba, holela haitazami ukuta, inatazama kibali. Kasri likijengwa kwenye mkondo wa maji ni holela vilevile. Mzee Mwinyi alipolegeza biashara baada ya 1985 maduka yalijaa bidhaa, na bado wenye ndimi kali waliliita soko huria soko holela. Ukuta uliopinda, huo ndio shaghalabaghala, na unaweza kuwa na mihuri yote ya halmashauri. Kafuate kibali.

Mama mkwe kasoma gazetini kuwa msanii mmoja "aliwapagawisha mashabiki" Dar. Mume wangu alikuwapo. Mama anataka kuja na mganga.
Mkaza Mwana, Kilwa

Mama anakijua Kiswahili kuliko gazeti. Aliyepagawa kapandwa na pepo, yule wa ubani na ngoma, anayesema kwa kinywa cha mtu. Waandishi wa burudani wamempunguzia kazi. Siku hizi anaishia kurusha mikono jukwaa likiwaka taa. Mtoe mama wasiwasi, mwanawe alicheza tu. Ila kama alirudi alfajiri bila simu na kiatu kimoja hakionekani, mwache mganga aje.