Namna ya Kuwasha Mji Bila Kushindwa na Kindi

Hongera, ndugu meneja mpya. Baraza la mji limekukabidhi nguzo, transfoma, gari moja la kreni, mafundi wanne wa laini na simu isiyojua usiku. Usiogope, hauko peke yako. Marekani ina mashirika ya umeme ya umma karibu 2,000, mengi yakiwa ya miji midogo, na jimbo zima la Nebraska huwashiwa taa na mashirika ya umma na ya ushirika. Tena kazi hii ina heshima ya kale. Tarehe 31 Machi 1880, mji mdogo wa Wabash, Indiana, uliwasha taa nne juu ya jengo la mahakama, na watu waliofurika uwanjani wakaona usiku umegeuka. Basi fuata hatua hizi.

1. Mjue bosi wako. Huna wanahisa wa mbali. Bosi wako ni muoka mikate, mwalimu mstaafu na kinyozi. Siku moja kinyozi atakuuliza kwa nini bili imepanda, na wembe utakuwa shingoni mwako. Mwambie ukweli. Kisha mwambie ukweli huohuo na asiyekuwa na wembe.

2. Mheshimu kindi. Utadhani adui yako ni radi, lakini siku nyingi adui ana mkia wa manyoya. Njiwa akitua juu ya waya mmoja yu salama, kwa kuwa umeme haupati njia ya kumpitia. Kindi yeye husimama juu ya bati la transfoma, lililounganishwa na ardhi, kisha akagusa waya. Amekwisha, na mtaa mzima giza. Mwaka 1987 kindi mmoja huko Connecticut alisimamisha soko la hisa la NASDAQ kwa zaidi ya saa moja, sembuse wewe na nguzo zako! Zifunike sehemu zilizo wazi kwa vikinga vya plastiki, na upunguze matawi kiangazi, kabla upepo haujakupunguzia. Bibi mwenye mti ataununia msumeno. Kunywa naye chai kwanza, umwonyeshe tawi linalogusa waya, ndipo fundi apande.

3. Nunua umeme kama mwenye busara anavyonunua mahindi. Mji mdogo kwa kawaida hauna mtambo wa kuutosha. Hununua kwa bei ya jumla. Nunua sehemu kubwa mapema, kwa mikataba ya miaka, na ujiunge na miji mingine ili mnunue kwa sauti moja. Anayeenda sokoni siku ya njaa hulipa bei ya njaa. Februari 2021, baridi kali ilipoigandisha Texas, megawati-saa moja, ambayo siku za kawaida hupatikana chini ya dola 50, ilifika dola 9,000. Mji wa Denton ulilipa zaidi ya dola milioni 200 kwa umeme wa siku chache.

4. Iwinde saa moja ya mwezi. Muuzaji wa jumla mara nyingi hahesabu uniti peke yake. Huangalia pia ile saa moja ambayo mji ulitumia umeme mwingi kuliko zote, na kukutoza kwa kipimo chake. Kwa hiyo jioni ya joto kali, viyoyozi vyote vikinguruma, mpigie mwenzako wa idara ya maji azime pampu na kujaza matangi usiku wa manane. Simu hiyo moja inaweza kushusha bili ya kila nyumba.

5. Pandisha bei kidogo kidogo. Madiwani watapenda bei isiyopanda, hasa uchaguzi ukikaribia, na watautazama mfuko wako wa akiba kwa macho ya huruma: barabara ina mashimo, bwawa la kuogelea linavuja. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wapeleke wakaishike kwa mikono transfoma yenye miaka 40, uwaambie kwamba mpya ikiagizwa leo huenda isifike hata mwaka ujao. Akiba hiyo ni mali ya mtoto atakayezaliwa mtaani kesho.

6. Azima mafundi kabla hujawahitaji. Mji jirani ukipigwa na dhoruba, peleka gari lako bila kungoja barua. Tarehe 4 Mei 2007 kimbunga kiliubomoa karibu wote mji wa Greensburg, Kansas. Leo mji huo umesimama tena, na upepo unaupa umeme badala ya kuuangusha. Lakini hakuna mji mdogo unaoinuka kwa mikono yake peke yake.

7. Panga foleni ya mwanga. Umeme ukikatika, hospitali na pampu za maji kwanza. Kisha laini inayorudisha nyumba nyingi kwa mpigo. Kisha nyumba moja moja. Yako iwe ya mwisho. Jirani akichungulia dirishani, taa yake inawaka na kwako bado giza, atajua bila kuambiwa kwamba shirika hili ni lake.