Bogenvilia na Waganga Wake

Bogenvilia, kichaka chenye miba na asili ya Amerika ya Kusini ambacho hupamba kuta nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, hustahimili ukame vizuri zaidi kuliko inavyostahimili huruma ya mwenye nyumba. Kiangazi kinapozidi, hupukutisha majani ili kupunguza upotevu wa maji, jambo ambalo wataalamu wa mimea huliita mbinu ya kujihami na ambalo mwenye nyumba huliita kifo. Hapo ndipo matibabu huanza: maji hutiwa asubuhi na jioni, samadi hurundikwa hadi shinani, na majani mapya yanapogeuka manjano kwa sababu mizizi imekosa hewa na kuanza kuoza, rangi hiyo hufasiriwa kuwa ni kiu, na bomba hufunguliwa tena. Hali isipobadilika, lawama huelekezwa kwa kijicho cha jirani, kamwe si kwa saruji iliyomwagwa kuzunguka shina ili gari lipate pa kuegeshwa.

Uchunguzi wenyewe hauna gharama, kwani ukucha ukikwangua gome kidogo hufichua kambiamu, yaani utando mwembamba unaozalisha chembe mpya za shina, ambao ukiwa wa kijani na wenye unyevu huthibitisha kuwa tawi lingali hai, na ukiwa wa kahawia na mkavu huhalalisha tawi kukatwa hadi penye uhai. Kasoro pekee ya tiba hii ni kwamba hatua inayofuata ni kusubiri, kazi isiyompa mtu fursa ya kuonekana akihangaika.