Merkato Yao, Presha Yangu

Mtu wa Lubumbashi anaweza kuishi bila maji. Bila umeme tumeishi sana. Lakini ukae hapa mtaa wa Kamalondo bila maoni juu ya merkato, usajili wa wachezaji wapya wa timu ya Mazembe? Thubutu. Watakuona umetoka sayari nyingine.

Miye ni kambisti. Niko na meza barabarani, niko na kiti, niko na mafungu ya falanga yamefungwa na mpira, nabadilisha dola. Sasa watu wakiona mtu anahesabu pesa kutwa nzima wanadhani anajua bei ya kila kitu duniani. Mteja anakuja na noti ya dola tano, imechanika pembeni, anataka niikubali hivyo hivyo. Kabla sijaiinua kwenye jua anauliza: "Kambisti, buteri mupya unamuona namna gani?"

Huyo mfungaji mpya namuona wapi? Nimeona picha tu kwenye simu ya mtu. Kijana ameshika skafu, kalamu mkononi, anacheka. Nikasema ana meno mazuri. Ndicho nilichoona. Mteja akachukua noti yake akavuka barabara hadi kwa kambisti mwenzangu, ambaye alimwambia kijana ana mguu wa kushoto. Kila mtu ana mguu wa kushoto! Lakini yule alipata mteja, miye nikabaki na meno.

Na hapo bado sijakwambia tatizo lenyewe. Miye ni Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini. Usicheke, nimerithi. Baba alikuwa mtu wa reli, na mtoto wa reli ni Lupopo, chemino, buluu na njano, hakuna anayekuuliza. Ubingwa wetu wa mwisho wa nchi ni wa 2002. Tangu hapo tunajenga timu. Kila mwaka tunajenga. Kwa ujenzi huo tungekuwa na ghorofa.

Nikaenda kuoa wapi? Kamalondo. Nyumba ya Badiangwena watupu, mashabiki wa Mazembe cent-pour-cent, hata paka wao ni mweusi na mweupe. Papa mukwe mpaka leo anaiita timu kwa jina la zamani, Englebert. Aliwaona wale wa 1967 na 1968, makombe mawili ya Afrika mfululizo, fainali nne mfululizo mpaka 1970. Kazadi golini, Kalala mbele. Anawataja kama watu wanavyotaja mababu kwenye kilio.

Jumapili tunakula kwake. Bukari inafika, sombe inafika, samaki anafika. Papa mukwe ananawa mikono polepole, ananigeukia. "Sasa weye, mutu ya reli. Merkato ya mwaka hii iko namna gani?"

Nyumba nzima inanyamaza. Mashemeji wanaacha kutafuna. Nikisema nzuri, Lupopo anajipendekeza. Nikisema mbaya, Lupopo ana wivu. Nikinyamaza, kichwa cha samaki kinapita mbele yangu kinaenda kwa shemeji mdogo, ambaye hana kazi, hana mke, lakini ana maoni.

Kwa muda nilikuwa na jibu moja la kujikinga. Nilikuwa nasema: "Yule Traoré ni mzuri." Na hii ilifanya kazi sana, maana Mazembe haikosi Traoré. Kulikuwa na Adama, kulikuwa na Cheibane, akaja Fily. Mali inazaa Traoré na sisi tunawapokea. Mpaka siku shemeji aliuliza: "Traoré gani?" Nikasema yule mrefu. Wakaniuliza tena, anacheza nafasi gani. Nikasema anacheza vizuri. Samaki akapita.

Basi nikaamua kufanya kazi hii kama mtu mzima. Nikachukua daftari langu la madeni, nikaligeuza nyuma, nikaanza kuandika nani alinunuliwa, kutoka wapi, akaleta nini. Maana kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Nilianzia Zambia, kwa sababu Zambia iko hapo tu, unavuka Kasumbalesa. Sisi unga wa bukari tunaleta kutoka Zambia. Mayai kutoka Zambia. Ikawa na beki na viungo tunaleta kutoka Zambia. Stoppila Sunzu, Rainford Kalaba, Nathan Sinkala. Februari 2012 kule Libreville, Zambia wakachukua Kombe la Afrika kwa penalti mbele ya Côte d'Ivoire, na penalti ya mwisho akaipiga nani? Sunzu, mtu wa Kamalondo. Kalaba alikuwa amepaisha yake juu, lakini tulimsamehe kabla hajarudi. Watu walicheza barabarani humu kama nchi yetu ndiyo imechukua. Miye nilicheza pia. Mtu akaniuliza nashangilia nini wakati miye ni Lupopo na Mkongomani. Sikuwa na jibu, nikaendelea kucheza.

Halafu Tanzania. Hapa ndipo daftari lilinoga. 2011 Mazembe walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, wametoka kucheza fainali ya dunia na Inter kule Abu Dhabi. Wakakutana na Simba ya Dar es Salaam. Tukawapiga sita kwa tatu, mechi mbili zikijumlishwa. (Naandika "tuka". Nikiwa Jumapili kwa papa mukwe nasema "waka", nisionekane najipendekeza.) Kwisha. Kumbe kuna kijana anaitwa Janvier Besala Bokungu, Mkongomani mwenzetu, amerudi kutoka Espérance ya Tunis, na karatasi zake za kule hazijakaa sawa. Simba wakalalamika. CAF ikasoma karatasi. Mwezi wa tano Mazembe nje! Bingwa wa Afrika anatolewa na karatasi.

Miye kama kambisti hapa naelewa vizuri sana. Noti inaweza kuwa mpya, inang'aa, lakini namba moja ikikosewa, haipiti. Huyo Bokungu ndiye usajili ghali kuliko wote katika historia ya mji huu, na sina habari walimlipa shilingi ngapi.

Sikiliza sasa utamu. Simba waliochukua nafasi yetu wakaenda Cairo kucheza na Wydad, wakala tatu bila. Nasi katika zile mechi mbili tulikuwa tumemuona kijana wao mmoja mwembamba, Mbwana Samatta. Tukamchukua. Wao walichukua tiketi, sisi tukachukua mshambuliaji. Akaja na mwenzake Thomas Ulimwengu, mji ukajaa Kiswahili cha Dar, kile kisafi, mtu anakuomba chenji unadhani anasoma habari redioni. Na Bokungu mwenyewe, miaka baadaye, unajua alienda kucheza wapi? Simba! Hii siitungi miye. Mungu ndiye aliyeitunga.

Samatta tulimlipa, akatulipa. Fainali ya 2015 na USM Alger: kwao mbili kwa moja, Kalaba bao, Samatta bao. Hapa Kamalondo mbili bila, Samatta penalti, Roger Assalé, mtoto wa Côte d'Ivoire, akafunga la mwisho. Kombe la tano la Afrika la mabingwa. Samatta akafunga mabao 7 msimu ule, Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza Afrika, akaenda Genk, na 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kwenye ligi kuu ya Uingereza. Hapo nikaandika alama kumi juu ya kumi, nikapiga mstari chini, kalamu ikatoboa karatasi mpaka kwenye deni la mama wa mkaa. Sasa sijui ananidai au namdai.

Umeona dawa ya wazee ilivyokuwa? Rahisi. Jirani anayekutesa, usimlalamikie. Mnunue.

Ila nikifungua kurasa za misimu hii ya karibuni, mshale umegeuka. Dola ambazo zamani zilitoka Lubumbashi kwenda Dar, sasa zinatoka Dar kuja kwetu. Deo Kanda alitoka Mazembe akaenda Simba 2019. Jean Baleke akatoka Mazembe akaenda Simba Januari 2023, na hapa alikuwa hajatupa raha, kufika kule akafunga utadhani amepakwa dawa. Fiston Mayele wa Vita, pale Kinshasa, akaenda Yanga, akawa mfalme, akavuka mpaka Pyramids na 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Inonga kutoka Motema Pembe, Simba. Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union, Yanga. Sisi tukampata Mukoko Tonombe akirudi kutoka Yanga. Yaani wenzetu wanabeba kuku, tunarudishiwa tenga.

Basi hao Yanga tuliowajaza ndio walikuja 2023 kwenye Kombe la Shirikisho. Dar tatu kwa moja. Tukasema subiri waje Kamalondo. Wakaja. Moja bila, wao. Nilirudi nyumbani kwa miguu, manseba mmoja wa pikipiki alinionea huruma akataka kunipakia bure. Bure! Manseba wa Lubumbashi! Ndipo nikajua hali ni mbaya.

Na ungewapimaje wachezaji wapya wakati ligi yenyewe haikumalizika? Msimu wa 2022-23 Linafoot ilikatika katikati, haikurudi. Umenunua mtu, umemvalisha, umempiga picha, mechi hakuna. Nikamuuliza shemeji, huyu niandike alama ngapi? Akasema andika "alikuwepo".

Siwezi kusema yote mabaya. Msimu wa 2023-24 mzee Lamine N'Diaye, yule Msenegali aliyetupeleka fainali ya Abu Dhabi, alirudisha timu mpaka nusu fainali ya Afrika na ubingwa wa nchi. Al Ahly hapa bila bila. Wiki ile nilibadilisha dola kwa bei nzuri mpaka mke wangu akashtuka. Cairo tukala tatu. Msimu uliofuata, makundi, kwaheri. Na ubingwa wa nchi ukachukuliwa na Aigles du Congo wa Kinshasa, timu ambayo papa mukwe mpaka leo anasema haijui.

Katikati ya hayo miye nikanunua jezi. Nilitaka kuingia Jumapili moja nimevaa nyeusi na nyeupe, nipewe kichwa cha samaki kwa heshima. Nikaandikisha na jina mgongoni, la mmoja wa hao wapya. Simtaji, ana mama yake. Fundi alinitoza kwa herufi, na jina lilikuwa refu. Nikavaa. Nikaingia. Wakacheka wote mpaka bibi. Kijana alishaondoka! Mkataba umevunjwa, yuko kwao. Fundi alijua, alikuwa ananiangalia tu anashona. Jezi sasa inavaliwa na jirani yangu anayeuza mkaa, nayo imekuwa nyeusi yote.

Jumapili hiyo hiyo, nikiwa bado na jina la mtu mgongoni, nikafungua daftari nikasoma hukumu yangu mbele ya ukoo. Miaka, majina, mishale. Nilisoma vizuri. Hata papa mukwe alitikisa kichwa kwenye Samatta. Nikafunga. Nikangoja samaki.

Binti yangu akasema: "Papa, mbona wasichana hukuandika?"

Nikauliza wasichana gani.

Mama mukwe akaweka kijiko chini. Sijawahi kusikia kijiko kikiwekwa chini kwa sauti kubwa hivyo. Ikabidi nifundishwe, miye mwanaume na ndevu zangu, na mtoto ninayemlipia shule. Novemba 2024, El Jadida, Morocco. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake. Mazembe moja, AS FAR bila, penalti ya Marlène Kasaj. AS FAR ni Wamorocco, wako kwao, na watu wao. Na kwenye benchi letu nani? Lamia Boumehdi, Mmorocco! Mwaka ule CAF ikampa tuzo ya kocha bora wa timu za wanawake Afrika. Yaani wakati wanaume wanazunguka na kalamu na skafu, wanawake walifuata dawa ileile ya wazee. Walienda kwa jirani, wakachukua mtu wake, wakarudi kumpiga naye nyumbani kwake.

Kwa hiyo daftari linasema hivi. Wanaume wa misimu hii ya karibuni: tano juu ya kumi, na katika hizo tano, nne ni za nusu fainali ya 2024. Wanawake: tisa, na ile moja imekatwa kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema. Lupopo sijawapa alama, kwa kuwa ni ndugu. Ila wale wa Yanga walikuja 2024 wakamchukua Chadrack Boka, beki wetu wa kushoto, kwa hiyo hata sisi tuna kitu cha kuibiwa, na hilo nalisema kwa fahari.

Wewe msomaji, ukikaribishwa Jumapili kwenye nyumba ya Mazembe na mzee akakugeukia na lile swali, usiguse buteri wala Traoré yeyote. Anza na wanawake. Samaki atasimama mbele yako.