Plagi Ipige Spaki, Isipige Umbea

Gari la rali la siku hizi, liwe Subaru au Mitsubishi Evo, lina kontroli boksi inayopima petroli kwa kusikiliza sensa. Jirani yake plagi inapigwa volti 20,000 na ushee. Ni kama kumnong'oneza mtu siri bungeni Dodoma siku wabunge wanagonga meza. Boksi ikisikia vibaya gari linapiga misi, na anayesingiziwa ni vumbi la Bahi. Tuhesabu makosa, tukirudi nyuma mpaka kwa baba lao.

6. Kununua nozeli mpya kabla ya kukagua nyaya. Hayo si matengenezo, ni sadaka.

5. Plagi isiyo na R. Kwenye namba za NGK, R ni ya plagi yenye ukinzani ndani, kama omu 5,000, unaopunguza makelele ya spaki. Muuzaji atasema isiyo na R ndiyo ya mashindano. Mwambie wewe mashindano unataka kuyamaliza.

4. Nyaya za plagi za shaba tupu. Zilitamba enzi za kabureta, maana kabureta ni kiziwi. Hata Peugeot 404 ya Bert Shankland wa Tanzania, bingwa wa mbio za Safari Rally 1966 na 1967, ilipeleka petroli kwa pampu ya kimakanika. Ungeipigia tarumbeta isingegeuka. Boksi yako ina masikio: weka nyaya zenye ukinzani.

3. Kulaza waya wa sensa na wa koili kitanda kimoja. Umefunga vizuri, umependeza, gari haliendi. Zitenganishe. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama njia panda, kila mmoja ashike hamsini zake.

2. Sensa ya krenki isiyo na koti. Magari mengi yana gurudumu la meno 60 yaliyong'olewa mawili, na boksi hutumia pengo hilo kujua krenki imefika wapi. Wakati wa kupiga stata, sensa ya sumaku inaweza kutoa chini ya volti moja. Kelele ya spaki ikidandia hapo, boksi inahesabu jino la bandia, inapotea hesabu, inakata moto, gari linagoma kuwaka. Dawa ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ndani ya koti la foili, na koti lifungwe ethi upande wa boksi tu. Ukilifunga pande zote mbili, koti lenyewe linageuka njia ya umeme. Kama una hela ya kurekebisha kitu kimoja, anza hapa. Ila kwanza soma namba moja, ile ni bure.

1. Ethi! Betri umeihamishia kwenye buti, ethi umeikaza juu ya rangi mpya inayong'aa. Rangi haipitishi umeme, hata uipige koti tatu. Umeme wa koili ukikosa njia ya kurudi unapita uani kwa jirani, kwenye ethi ya sensa. Kwangua mpaka chuma. Koili ipate waya mfupi hadi silenda hedi, injini waya mnene hadi betri, na ethi za sensa zirudi kwenye boksi.

Kisha chukua redio ya mkulima, weka AM pasipo na stesheni, isogeze kwenye injini. Ikikoroma kufuata mguu wako kwenye mafuta, mbea bado yumo. Ikitulia, shika barabara ya Kondoa ukajaribu gari. Fundi rangi akinuna, mpelekee zabibu.