Jinsi ya Kuwa Mtu wa Televisheni Ukiwa Makomeno

Umeamua kusomea utengenezaji wa vipindi vya televisheni. Hongera! Umechagua kazi ambayo kila mtu wa avenyu yako hapa Makomeno, Lubumbashi, anaamini anaiweza, kwa sababu kila mtu ana simu. Mwongozo huu ni wako, na ni wa tantini yako pia, anayeuliza kila Jumapili, bukari ikiwa mezani, masomo hayo yatalipa lini.

1. Soma chuoni, kisha uchafue mikono

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alisomea habari na mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU. Malighafi yake ilikuwa mlangoni: aliunganisha picha za kale za wafanyakazi wa migodi na magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines, na mfululizo huo, *Mémoire*, ukalifikisha jina lake mbali. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Picha, jumuiya iliyozaa Biennale ya Lubumbashi.

Kwa hiyo hudhuria masomo yote, hata yale ya nadharia yanayoanguka saa nane mchana wakati wa joto. Halafu pita INPP, taasisi ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964, uulizie masomo ya umeme. Mpiga kamera anayejua kutengeneza kebo haachwi nyumbani siku ya safari.

2. Nunua sikio kabla ya jicho

Miwani ya jua, fulana yenye mifuko kumi na mbili na kofia iliyogeuzwa nyuma vinaweza kusubiri. Maikrofoni haiwezi. Mtazamaji husamehe picha yenye giza. Sauti isiyosikika humfanya abadilishe chaneli. Weka maikrofoni shubiri moja hivi kutoka kinywani mwa mzungumzaji, vaa vipokea sauti masikioni, na kabla ya kuondoka rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Utauhitaji kwenye montaji ili kuziba mahali ulipokata maneno.

Mazoezi yapo bure. Kuanzia Novemba mvua inapiga mabati kiasi kwamba mahojiano ya ndani yanakuwa vita. TP Mazembe wakicheza Kamalondo, jaribu kumrekodi shabiki mmoja katikati ya maelfu. Ukiweza kusikika hapo, utasikika popote.

3. Umeme ukiwepo, usilale

Laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ina urefu wa kilomita 1,700 hivi, lakini mita mia za mwisho ndizo zitakazokufundisha subira. SNEL, shirika la umeme, wakirudisha moto saa tisa usiku, amka: chaji betri zote, nakili picha zako kwenye diski mbili, ndipo ufute kadi. Usifute kwanza. Rudia sentensi hiyo mpaka uiote. Kama kompyuta yako ni ya zamani, tengeneza nakala nyepesi za video, fanya montaji kwa hizo, kisha urudishe zile nzito mwishoni.

Na uiheshimu betri: ndani yake mna kobalti, na Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya ile inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa hutoka Kolwezi na kandokando yake. Madini hayo yalitoka kwetu, yakazunguka dunia, yakarudi kwa bei ya dukani.

4. Waache watu waseme wanavyosema

Ukimwekea mama wa sokoni Kifaransa cha ofisini, atakupa majibu ya ofisini: mafupi na yasiyo na chumvi. Muulize kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi, unyamaze, umwache afike mwisho.

Walimu wako wakubwa katika hili ni kundi la maigizo la Mufwankolo. Mchezo wao wa mwaka 1986 kuhusu mamlaka yanayoliwa mazima, uliotengenezwa kwa ajili ya televisheni, haukuwa na mswada wa kukariri. Walikubaliana juu ya hadithi, kisha kila mwigizaji akajenga maneno yake. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyanukuu maneno hayo na kuyachapisha katika kitabu mwaka 1990. Kiswahili cha mitaa yetu kilistahili kazi hiyo yote; kinastahili na maikrofoni yako.

5. Rekodi harusi ili usiuze habari

Utaikuta kupage, ile bahasha anayoigawa mwenye mkutano kwa waandishi, eti ya usafiri. Chanzo chake kinajulikana: mishahara midogo na inayochelewa. Lakini mwenye bahasha hanunui taksi, ananunua sentensi. Ukishaipokea, jirani yako aliyepoteza kiwanja hatakuwa na mtu wa kumwamini.

Dawa ni kuwa na pesa yako, na pesa yako iko kwenye harusi. Usizidharau. Bibi harusi hatavishwa pete mara ya pili kwa sababu betri yako ilizima, kwa hiyo sherehe moja itakufundisha nidhamu kuliko muhula mzima. Jumamosi rekodi keki; Jumatatu ingia mkutanoni ukiwa na nauli yako mfukoni na maswali yako mdomoni. Soma pia sheria ya vyombo vya habari ya Machi 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Ukitishwa, ujue unasimama wapi.

6. Andika jina juu ya diski

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na kwa mtoto, muombe mzazi. Kazi ikiisha, waoneshe waliomo kabla ya wageni. Kisha andika tarehe, avenyu na majina, uhifadhi nakala mahali pawili.

Wazee wa mji huu wanakumbuka migodi, viwanda na Mazembe ya 1967 ikitwaa kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu hizo hazitangoja upate kamera bora. Anza na mzee mmoja wa Makomeno, dakika tano, sauti safi. Wiki ijayo, anza na mwingine.