Kuhama Ujerumani

Kuondoka Ujerumani baada ya miaka ya masomo ni kazi inayoanza miezi mitatu kabla ya safari, kwa sababu huo ndio muda wa notisi ambao kwa kawaida sheria humtaka mpangaji ampe mwenye nyumba. Notisi huandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi kwa mkono. Mwanafunzi kutoka Tanga au Kisumu, aliyezoea kumaliza mambo kwa simu, hutuma ujumbe wa WhatsApp wenye shukrani tele na picha ya maua, kisha mwezi ukipita hugundua kwamba kisheria bado hajasema kitu, na kodi inaendelea.

Linalofuata ni amana. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai hadi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na joto, na huishikilia mpaka chumba kikaguliwe. Matundu ya misumari iliyotundika kanga na picha ya bibi huzibwa kwa dawa ya meno, mbinu ambayo wanafunzi hurithishana. Ukuta hutoka safi kabisa. Tatizo ni kwamba chumba chote hunukia mnanaa, na mkaguzi ana pua.

Samani hazisumbui sana. Meza iliyookotwa kwenye ukingo wa barabara, ambako wenyeji huacha vitu vya bure, hurudishwa palepale usiku, na asubuhi hukutwa chumbani kwa mwanafunzi mgeni wa jengo hilohilo. Chupa ndizo zenye masharti. Nyingi za plastiki za maji na soda hurudishwa kwenye mashine dukani kwa senti 25 kila moja, na nyingi za bia kwa senti 8. Za vioo zisizo na amana hutupwa kwenye pipa la mtaani, ila si Jumapili, siku ambayo kelele zimekatazwa. Anayesafiri Jumatatu alfajiri hulijua hilo Jumapili mchana, kwa hisani ya jirani aliyesimama dirishani.

Kisha kuna serikali. Anayehama nchi hujiondoa kwenye daftari la wakazi, si mapema kuliko wiki moja kabla ya kuhama wala si zaidi ya wiki mbili baadaye. Cheti anachopewa huombwa na kampuni ya simu, na huombwa pia na wakusanyaji wa ada ya redio na televisheni, ambayo tangu 2021 imekuwa euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, hata isiyo na redio wala televisheni. Asiyejiondoa huendelea kudaiwa vipindi ambavyo hakuvitazama hata alipokuwa huko.

Mizigo huja mwisho. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa begi, na ukoo hauna habari na kipimo hicho. Ndiyo maana uwanjani Frankfurt, mwezi wa Julai, huonekana abiria wenye makoti mawili mwilini na viatu vya mjomba mifukoni, wakihamisha chokoleti kutoka begi hili kwenda lile mbele ya foleni nzima. Zawadi zilizotiwa kwenye mifuko ya plastiki ya dukani hutafutiwa mifuko mingine, kwani Kenya iliipiga marufuku 2017 na Tanzania 2019.

Kinachobaki ni birika la umeme aliloahidiwa mama. Volti zake, 230, hazigombani na umeme wa nyumbani, lakini plagi ina pini mbili za duara, na soketi za Kenya na Tanzania zina matundu matatu ya pembe. Vijana wa nyumbani hudumbukiza kalamu kwenye tundu la juu ili mengine yafunguke, jambo la hatari. Dawa yake ni adapta, ambayo huuzwa kwa bei nafuu duka la jirani na haikuhitaji kupimwa Frankfurt.